Mangungo na Mimi: Saini Niliyoitia Bila Kusoma

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikiandika swali moja kwa wino mwekundu pembezoni mwa kazi za wanafunzi wangu: "Chanzo kiko wapi?" Wapo waliohitimu zamani ambao hata leo tukikutana mjini hunitania kwa swali hilo. Sikutegemea kwamba siku moja nitaulizwa mimi, tena na mtu nisiyemjua kwa sura wala kwa jina, na kwamba nitakosa jibu. Makala ya leo ni ya kukiri, na ninaiandika kwa sababu ninaamini wengi wetu tunaojiita wasomi tumo katika kosa hilohilo.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kilosa. Mpwa wangu wa kidato cha tatu alikuwa amepewa kazi ya shule kuhusu mkataba wa Chifu Mangungo wa Msovero na Mjerumani Karl Peters. Vitabu vyetu vya shule huandika Msovero. Sisi wenyeji tunasema Msowero, na ni kata ya wilaya yetu, upande wa barabara iendayo Dumila. Kijana akafungua Wikipedia ya Kiswahili kwenye simu, akasoma, kisha akaniuliza: "Mjomba, mbona hapa hamna kitu?"

Nikaangalia. Makala ilikuwa na mistari michache: kwamba Msowero ni kata ya Wilaya ya Kilosa katika Mkoa wa Morogoro, na kwamba kwa mujibu wa sensa ina wakazi kadhaa. Basi. Kata nyingi za nchi yetu zimeandikwa hivyo katika kamusi elezo hiyo. Waandishi wake huziita makala za namna hii "mbegu", yaani zinangoja mtu wa kuzimwagilia. Kamusi elezo yenyewe ilianza mwaka 2003, miaka miwili tu baada ya ile ya Kiingereza. Kwa miaka yote hiyo mimi, mzaliwa wa Kilosa na mwalimu wa chuo kikuu, sikuwa nimeongeza hata nukta. Niliona aibu. Usiku ule, mpwa wangu alipolala, nikabonyeza "Hariri".

Niliandika hadi jogoo la kwanza. Niliyoyaandika yalikuwa ya aina nne. Kwanza, habari za Mangungo kama nilivyozifundisha miaka yote: chifu asiyejua kusoma, aliyehadaiwa kwa zawadi, akauza nchi. Pili, aya tano kutoka katika makala yangu mwenyewe kuhusu ardhi na mashamba ya mkonge ya Kilosa, iliyochapishwa katika jarida moja la kitaaluma la ng'ambo. Nilizitafsiri neno kwa neno na kuzibandika. Tatu, katika makala ya wilaya, nilieleza kwamba watu wanaihama Kilosa, kwa kuwa sensa ya mwaka 2002 ilihesabu wakazi 489,513 na ile ya mwaka 2012 ikahesabu 438,175. Nne, kwa kuwa nilikuwa nimeshapamba moto, nikaingia makala ya Mikumi na kuweka picha nzuri ya twiga niliyoitoa katika tovuti ya kampuni moja ya utalii.

Kulipokucha, karibu yote yalikuwa yameondolewa.

Katika kamusi elezo hiyo hakuna kinachofanywa gizani. Kila ukurasa una sehemu iitwayo "Historia", na humo huonekana nani alibadili nini, saa ngapi, na kwa sababu gani. Sababu zangu zilikuwa fupi. Aya za Mangungo: hazina chanzo. Aya za mkonge: zinafanana na makala yenye hakimiliki. Sentensi ya wakazi: hitimisho la mwandishi mwenyewe. Picha: hakuna ruhusa ya mpiga picha.

Nilikasirika. Nikaingia kwenye ukurasa wa "Majadiliano" nikajieleza: shahada zangu, miaka yangu ya kufundisha, na kwamba nimezaliwa Kilosa na kitovu changu kimezikwa huko. Nilimaliza kwa kuuliza, kwa ukali ambao leo unanitia haya, kama aliyefuta kazi yangu amewahi hata kufika Msowero. Jibu lilikuja jioni, nalo lilikuwa la adabu kuliko swali. Alinikaribisha, akasema hawana shaka na elimu yangu, ila msomaji hana namna ya kunikagua mimi; anachoweza kukagua ni kitabu nitakachomtajia. Nilikuwa nimeyaandika maneno yaleyale, kwa njia nyingine, katika mamia ya karatasi za wanafunzi.

Siku mbili baadaye nilipanda gari kwenda Mikumi kwa njia ya Ulaya. Anaishi huko kijana niliyemfundisha, ambaye sasa anafundisha historia katika shule ya sekondari, na nilikumbuka kwamba aliwahi kuniambia anaandika katika Wikipedia. Tulikaa kwenye mgahawa kando ya barabara kuu, malori ya Zambia yakipita, chai na chapati mezani.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, kisha akasoma kisa changu chote kwenye simu yake bila kucheka. Nilimshukuru kwa hilo.

Hakunihutubia. Aliniuliza maswali, kama nilivyomfundisha mwenyewe.

"Twiga ni wa nani, Mwalimu?"

"Wa taifa."

"Na hifadhi?"

"Ya taifa, tangu mwaka 1964."

"Na picha?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimechukulia kwamba kwa kuwa mnyama ni wa umma, na mbuga ni ya umma, basi kila picha yake ni ya umma. Kumbe picha ni ya aliyeipiga mpaka yeye mwenyewe aamue vinginevyo. Kuiona mtandaoni si kupewa.

Akaja kwenye sensa. "Mwaka 2012, Mwalimu, Gairo ilikuwa wapi?" Hapo nilijipiga paji la uso. Gairo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kilosa; mwaka 2012 ikawa wilaya inayojitegemea, na sensa ya mwaka huo ikaihesabu peke yake, wakazi 193,011. Ukijumlisha, watu wa eneo lilelile walikuwa wameongezeka kwa zaidi ya laki moja na arobaini elfu. Takwimu zangu zote mbili zilikuwa sahihi na zilikuwa na chanzo. Kilichokosekana ni mtu mwingine aliyesema nilichokisema mimi, yaani kwamba watu wanahama. Hilo nililitunga kwa kutoa hesabu moja katika nyingine. Ndiyo maana ya kanuni inayokataza utafiti wa mwandishi mwenyewe: unaruhusiwa kueleza yaliyokwisha kuchapishwa na wengine, huruhusiwi kuvumbua jambo papo hapo, hata kama una shahada ya uzamivu. Kanuni hiyo ilikuwa imewaokoa wasomaji dhidi yangu.

Kisha akauliza swali la tatu. "Ile makala ya mkonge, haki zake ni za nani?"

"Zangu. Nimeiandika mimi."

"Kuna fomu uliyotia saini?"

Nilitafuta katika barua pepe zangu za zamani. Ilikuwepo. Kurasa mbili za maandishi madogo, na mwishoni saini yangu. Nakumbuka siku ile: jarida lilikuwa limeikubali makala, nilihitaji chapisho hilo kwa ajili ya kupandishwa cheo, na mhariri alitaka fomu irudi haraka. Niliitia saini kati ya kipindi kimoja na kingine. Sasa, mbele ya mwanafunzi wangu, nikaisoma kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimemkabidhi mchapishaji haki zote za makala, kwa lugha zote, duniani kote, kwa muda wote ambao hakimiliki itadumu. Hata kuitafsiri kwa Kiswahili kulihitaji ruhusa yake.

Kijana wangu alitazama pembeni, akaagiza chai nyingine. Hakusema neno, lakini sote wawili tulikuwa tunamfikiria mtu mmoja.

Tarehe 29 Novemba 1884 Karl Peters, kwa niaba ya Shirika la Ukoloni wa Kijerumani lililoundwa mwaka uleule, aliandikisha mkataba na Mangungo wa Msovero katika Usagara. Karatasi iliandikwa kwa Kijerumani. Kwa mujibu wa karatasi hiyo, chifu alikabidhi nchi yake pamoja na haki zote juu yake. Peters alirudi Berlin na karatasi zake, na tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kumalizika, mfalme wa Ujerumani akalipa shirika hilo hati ya ulinzi. Tangu hapo jina la Mangungo limekuwa tusi katika siasa zetu. Kila ubishi wa mkataba unapozuka, iwe wa madini au wa bandari, lazima mtu asimame aseme viongozi wetu ni akina Mangungo. Nimelisema mwenyewe darasani, na nimeliandika katika safu hii zaidi ya mara moja.

Basi nijilinganishe naye kwa haki. Yeye aliletewa karatasi katika lugha asiyoijua, kupitia mkalimani, na mgeni aliyeficha nia yake. Mimi nililetewa karatasi katika lugha ninayoifundishia, nikiwa na miwani, kamusi, na muda wa wiki nzima. Kati yetu wawili, nani anastahili zaidi lile tusi?

Niseme machache ya sheria, kwa kuwa najua wanafunzi na watumishi wa umma hunisoma. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inampa mtunzi ulinzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Haki za kiuchumi, yaani za kunakili, kutafsiri na kusambaza, mtunzi anaweza kumhamishia mtu mwingine kwa maandishi. Kinacholindwa ni maneno na mpangilio wake. Habari yenyewe, tukio, takwimu na wazo havilindwi. Kwa hiyo mlango haukuwa umefungwa. Sikuweza kubandika aya zangu, lakini niliweza, kama mtu mwingine yeyote, kueleza ukweli uliomo kwa maneno mapya na kutaja zilikotoka. Kwa kuwa nilikuwa najitaja mwenyewe, adabu ilitaka niwaambie wenzangu kwanza katika Majadiliano, wao waamue kama makala hiyo inafaa.

Upande wa pili ni leseni ya Wikipedia yenyewe. Kila anayebonyeza kuhifadhi anakubali kwamba maneno yake yatumiwe na yeyote, kwa lolote, hata kwa biashara, mradi mtumiaji amtaje aliyeandika na naye atoe kazi yake kwa masharti yaleyale. Ndiyo maana hawapokei kilicho cha mwingine: huwezi kuwagawia watu kitu usichokimiliki. Nilipoelewa hilo, hasira iliisha. Waliofuta aya zangu walikuwa wakikataa kuwagawia maelfu ya wasomaji mali ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaigawa.

Likabaki la Mangungo, na hili ndilo lililoninyima usingizi. Nilirudi Kilosa nikaanza kutafuta chanzo cha kile nilichokifundisha. Nani alisema kwamba hakuelewa alichokitia alama? Nani alishuhudia? Nilijua nilikotoa: kwa mwalimu wangu wa shule ya msingi, naye alikitoa kwa wake. Nilivyozidi kurudi nyuma, ndivyo nilivyozidi kufika kwenye mlango mmoja, wa Karl Peters. Ndiye aliyeandika mkataba, ndiye aliyeuhifadhi, na ndiye aliyesimulia safari ile kwa wasomaji wa Ulaya. Na huyu ni shahidi wa namna gani? Ni mtu ambaye serikali yake mwenyewe ilimfukuza katika utumishi mwaka 1897 kwa matendo yake ya kikatili Kilimanjaro. Karatasi yake inatuonyesha alichokitaka yeye. Haiwezi kutuonyesha kilichokuwa moyoni mwa Mangungo, wala alichoambiwa na mkalimani, wala alichodhani anampa mgeni. Kwa miaka yote nilikuwa nimemhukumu mtu kwa ushahidi wa mdai peke yake.

Hapo nilijifunza tofauti ambayo sikuwa nimewahi kuwafundisha wanafunzi kwa uwazi. Maandishi ya Peters, aliyekufa mwaka 1918, hayana tena hakimiliki. Kadhalika kitabu cha Stanley cha mwaka 1872, ambaye alipita bonde letu la Mkondoa akimtafuta Livingstone. Unaweza kuyanakili yote upendavyo. Lakini kuwa huru kunakiliwa hakuyafanyi kuwa ya kuaminika. Na kinyume chake, tafiti bora zaidi kuhusu Kilosa zimefungwa katika majarida ya Kiingereza ambayo mwalimu wa Msowero hawezi kuyalipia. Kijana anayetafuta habari za kwao kwa bei ya bando anamkuta mkoloni mlangoni, bure, na mtafiti wa leo ndani, kwa malipo.

Je, kanuni ya chanzo si dhuluma basi? Inampa nafasi Peters kwa kuwa aliandika, na kumnyima Mangungo kwa kuwa hakuandika. Marehemu bibi yangu alikuwa akisema kwamba kumkaribisha mgeni si kumuuzia nyumba, na kwa maoni yake hilo ndilo lililotokea Msowero. Ninaliheshimu neno lake kuliko neno la Peters. Lakini siwezi kuliweka katika kamusi elezo, kwa sababu hakuna atakayeweza kumuuliza bibi. Nililiwazia hili kwa siku nyingi, na kwa muda nilitamani kanuni ilegezwe kwa ajili yetu.

Kilichonizuia ni kumbukumbu nyingine, ya karibu zaidi. Tarehe 8 Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, katika wilaya hiihii, kwenye mgogoro wa wakulima na wafugaji. Aliyeishi Kilosa miezi ile anajua maneno yaliyokuwa yakipita sokoni na vilabuni, kila upande na hesabu yake ya wafu na kila upande na mtu wake wa kulaumiwa. Kila aliyeyasema alikuwa mwenyeji na alikuwa na uhakika, kama mimi nilivyokuwa na uhakika juu ya Mangungo. Katika wilaya kama yetu, kitabu kinachopokea neno la kila mwenyeji mwenye uhakika kinaweza kumwaga damu. Kanuni ibaki. Inachotudai ni sisi kufanya kazi ambayo hatujaifanya.

Maana kamusi elezo haianzishi maarifa. Huja mwisho wa mstari. Kabla yake lazima awepo aliyewafuata wazee, akarekodi, akalinganisha simulizi na simulizi, akachapisha, akakubali kupingwa. Kazi hiyo si ya vijana wanaojitolea kufuta makosa yangu usiku. Ni kazi ya chuo kikuu, na mimi nimekuwa nikilipwa kwa ajili yake. Bibi alikuwa hai nilipoanza kufundisha. Nilikuwa na kinasa sauti, nilikuwa na likizo, na njia ya Msowero niliijua. Sikumrekodi. Nilikuwa nikiandika kuhusu mkonge kwa Kiingereza, kwa ajili ya jarida lililochukua haki zangu.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa walimu wenzangu: someni fomu kabla ya kutia saini, ulizeni kama mnaweza kubaki na haki ya tafsiri, na chapisheni angalau kazi moja kwa Kiswahili mahali ambapo msomaji halipi. Kwa watumishi wa umma: taarifa za wilaya zinazolala kwenye makabati na kwenye kompyuta za ofisi hazitajiki popote, kwa sababu hazikuchapishwa. Zitoeni, na muandike wazi kwamba zinaruhusiwa kutumiwa. Kwa wanafunzi na wanaharakati: mkiona makala imefutwa, kabla ya kulalamika fungueni "Historia" msome sababu.

Nami nimefanya kidogo. Msowero sasa ina aya tatu. Mkataba umo, pamoja na tarehe yake, lugha yake, na jina la aliyeuandika. Imeelezwa kwamba ni Peters anayetuambia haya. Hakuna neno linalosema chifu alikuwa mjinga. Picha ya twiga haikurudi, lakini katika makala ya Mikumi niliweka picha niliyoipiga mwenyewe kwa simu, ya mikumi iliyoipa mbuga jina lake, majani yake yakiwa yameinama kwa upepo. Kabla ya kubonyeza nilisoma masharti ya leseni yote, mstari kwa mstari, mpwa wangu akiwa pembeni ananiharakisha. Yalinichukua dakika kumi. Nilijua ninachokitoa, ninampa nani, na kwa masharti gani, kisha nikatoa.

Mwezi ujao ninarudi Msowero na kinasa sauti. Wazee waliobaki ni wachache.